Twahara na Haki ya Jirani: Waadhi kutoka Njia ya Igalula

Twamhimidi Mwenyezi Mungu awapendaye wenye kujitwahirisha, na twamsalia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu Waislamu wa pwani, maneno yetu ya leo ni ya choo. Asione haya mwenye kusoma, kwani vitabu vyetu vya fikihi hufungua mlango wa twahara kabla ya mlango wa Sala, na Mtume s.a.w. hakuona haya kuwafundisha umati wake adabu za chooni. Lililo la haya ni uchafu, si kuutaja.

Wazee wetu walipotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe walipita Tura, Rubuga na Kigwa, katika nchi hii ya Igalula. Na tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, msafiri wa pwani hupita Igalula kwa gari la moshi. Kwa njia hiyo Uislamu umefika bara. Wallakini njia haichukui kheri peke yake. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kwa njia za misafara mpaka Pangani, kikavuka Unguja, kikaua watu maelfu kabla hakijatulia mwaka 1870. James Christie, tabibu aliyekuwapo Unguja, aliifuatia nyayo maradhi hayo, akayatungia kitabu mwaka 1876. Hapana mtu aliyeibeba balaa ile kwa kukusudia. Ilichukuliwa matumboni, ikaachwa vichakani na kando ya maji, ikanywewa na aliyekuja nyuma.

Basi tazameni hekima ya sheria yetu. Mtume s.a.w. amekataza kujisaidia mahali patatu: penye maji ya watu, njiani, na kivulini wanapopumzika, akaeleza kuwa matendo hayo humletea mtu laana. Akakataza pia kukojoa katika maji yaliyosimama. Mahali hapo pote pana haki ya wengine. Kwa hiyo mtu akiisafisha nguo yake na mwili wake, kisha uchafu wake ukateremka na mvua mpaka kisimani kwa jirani, Sala yake itasihi, lakini haki ya jirani i shingoni mwake.

Katika nchi ya Igalula mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, kisha jua huwaka miezi mingi, na maji ya visima na malambo yana thamani kubwa. Asiye na choo huenda kichakani, na mvua ya kwanza huyarudisha aliyoyaacha. Mke wake na binti yake hungojea giza ndipo watoke, nao wana khofu ya nyoka na ya watu wabaya. Nanyi wa pwani msijione mmesalimika: aliyechimba shimo refu katika mchanga, hatua chache kutoka kisimani, amefanya yale yale chini ya ardhi. Serikali ilikwisha kutuhimiza kwa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na tena kwa Nyumba ni Choo mwaka 2017. Hatuna udhuru wa kusema hatukuambiwa.

Iko namna ya choo isiyodhuru maji wala haihitaji shimo refu. Hujengwa juu ya ardhi, chini yake vyumba viwili vilivyosakafiwa. Hutumiwa kimoja, kila atokaye humwaga majivu juu ya uchafu, na mkojo hupita mfereji wake mpaka katika chombo chenye kifuniko. Chumba cha kwanza kikijaa hufungwa, kikatumiwa cha pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa mwaka 2006 wataka katika nchi za joto kiachwe zaidi ya mwaka mmoja, kwani mayai ya minyoo hayafi upesi. Kisha hutolewa samadi kavu ya kulisha ardhi iliyochoka.

Hapo zitakuja shaka mbili. Ya kwanza: Je, Muislamu aache kustanji kwa maji? La, hasha. Pajengwe kando mahali pa kustanji, penye mfereji wake uendao katika shimo la kokoto mbali na kisima, ili maji yasiingie penye majivu. Wala si jambo geni kutanguliza kikavu: wanavyuoni wetu wameona bora kutumia mawe kwanza, kisha maji.

Ya pili: Je, yafaa kutia samadi hiyo shambani? Katika madhehebu yetu ya Shafi najisi haigeuki kuwa twahara kwa kukaa, ila vitu vichache, kama ngozi iliyodibaghiwa. Kwa hiyo haifai kuiuza, na aliyeishika aoshe mkono na nguo kabla ya Sala. Lakini kuitia ardhini kumeruhusiwa, ijapokuwa wako waliokuchukia, na mmea uliomea humo ni twahara. Imepokewa kuwa Saad bin Abi Wakkas alikuwa akiitia katika ardhi yake, na kuwa Ibn Umar aliizuia. Mwenye kusita basi asiitie katika mboga ziliwazo mbichi. Aifukie shinani mwa mwembe.

Ndugu zangu, wengi wenu mna jamaa, au biashara, au msikiti mliousaidia katika njia hii ya bara. Mkitaka kupeleka mikeka, ulizeni kwanza kama msikiti ule una choo, na kama choo chake kiko mbali na kisima. Na kila mmoja aanze nyumbani kwake: atoke leo apime hatua baina ya choo chake na maji ya jirani. Akiona ni chache, asingoje mpaka apigiwe hodi kwa msiba.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutwahirishie nyoyo na miili, atuepushe na kuwaudhi waja wake, na awarehemu waliokufa katika njia hii kwa maradhi ya maji. Amin. Wallahu aalam.