Siku Mbili Msimbati

Mwaka jana, malipo ya korosho yalipoingia, tulikaa kitandani usiku tukipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Ada. Sare. Bati za jikoni. Dawa za presha za mama. Ahadi yetu ya ujenzi wa kanisa. Chini kabisa mmoja wetu akaandika: Msimbati, siku mbili, sisi wawili. Kisha akaikata. Mwingine akachukua kalamu akaiandika upya.

Tumeoana miaka 19. Tunakaa Magomeni, hapa Mtwara, vyumba vitatu, watu tisa. Mke na mume wa nyumba kama hiyo huzungumza habari za maji, luku na viatu vya shule, tena kwa sauti ya chini. Tulikuwa tumefika mahali pa kuishi kama wafanyakazi wawili wa ofisi moja: tunaheshimiana, tunapeana taarifa.

Je, Mkristo ana ruhusa ya kutumia fedha na siku zake kwa ajili ya mapenzi ya watu wawili tu? Si harusi, si ugonjwa, si mkutano wa Injili. Tulipowadokezea wenzetu, walicheka: fungate ya wazee! Mzee mmoja wa kanisa akatukumbusha, bila ubaya, kwamba matofali bado hayajatosha.

Tukafungua Biblia. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inamwachilia mume aliyeoa karibuni asiende vitani mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Jeshi linapungukiwa askari kwa sababu ya furaha ya mwanamke mmoja. Sisi si maharusi, ni kweli. Lakini katika Wimbo Ulio Bora sura ya 7 mwanamke anamwita mpenzi wake watoke, waende mashambani, walale vijijini. Tumehubiriwa kwamba hayo ni habari ya Kristo na Kanisa. Sawa, ila Mungu hangechukua jambo la aibu akalifanya mfano wa upendo wake.

Basi tukaenda. Msimbati iko mbele ya Madimba, kule gesi inakoanzia safari ya bomba kwenda Dar es Salaam, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000. Tulipanga kijumba cha makuti: kitanda, chandarua, ndoo. Simu tukazizima. Siku ya kwanza tulilala tu, tukaamka, tukala samaki, tukatazama kina mama wakifuata maji yanayokupwa kutafuta pweza. Tulishikana mikono, jambo ambalo Magomeni lingezua maneno.

Usiku wa pili likatoka neno lililokaa kati yetu miaka minne: mkopo aliochukua mmoja wetu bila kumwambia mwenzake. Tuligombana, tukalia. Hapakuwa na mtoto wa kuamka wala mgeni wa kubisha hodi, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Alfajiri tulisameheana.

Tuliporudi tulikuta turubai limefungwa mtaani. Jirani yetu wa jumuiya alikuwa amefariki usiku wetu wa kwanza, akazikwa kesho yake alasiri. Tulipokuwa tukigombana, yeye alikuwa kaburini tayari. Majirani Waislamu walichimba kaburi pamoja na vijana wa kanisa. Sisi tuliokula naye miaka 12 hatukuwepo.

Kuna waliosema Mungu ametuadhibu. Hilo tunalikataa: Mungu hamwondoi mtu duniani ili kuwaaibisha majirani zake wawili. Lakini hatuwezi pia kujitetea kwamba hatukujua. Hatukujua kwa sababu tulichagua kutojua, na Paulo aliwaagiza Warumi walie pamoja na wanaolia.

Hata hivyo, Bwana katika Marko 7 aliwakemea waliowanyima wazazi wao riziki kwa kisingizio kwamba mali yao imewekwa wakfu. Tunaona mtu anaweza kumnyima mwenzi wake kwa kisingizio hichohicho: kwaya Jumanne, kamati Alhamisi, msiba Jumamosi, yote mema. Lile deni lilijificha nyuma ya mema hayo miaka minne, na sisi tukisifiwa kanisani.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa mjane, tukamwambia ukweli, tulikuwa wapi na kwa nini. Alinyamaza. Kisha akauliza kijumba kile ni shilingi ngapi kwa usiku. Tukamtajia. Akasema marehemu alikuwa akimwahidi Mikindani, hapo karibu tu, korosho zikilipa vizuri. Halafu akaitwa ndani.

Uani masufuria yalikuwa yamerundikana. Tukakaa chini wote wawili tukayasugua. Wengine walicheka kumwona mwanamume na masizi. Dada mmoja wa jumuiya hakuitikia salamu yetu, na mpaka leo anaitikia nusu.

Msimu huu tumeandika tena Msimbati kwenye daftari. Pembeni tumeandika: simu moja iwe wazi. Ya nani, bado hatujapatana.