Mfundishe Nyumbani, Mtafutie Wenzake Nje

Bibi akipiga simu kutoka Morogoro, hataki kwanza kujua kama mjukuu ameshajua kusoma. Anauliza, "Sasa huyo atacheza na nani?" Mama aliyeko Dallas au Houston, aliyeamua kumfundisha mwanawe wa miaka 5 nyumbani, hukosa jibu la kumtuliza. Bibi ameuliza swali la maana kuliko yote yatakayoulizwa juu ya uamuzi huo. Nami nasema lina jibu, dada yangu, na unaweza kulitoa wewe mwenyewe, uwe na shahada au usiwe nayo.

Tuanze na sheria, maana wengi hukwama hapo. Kumsomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, ila kila jimbo lina taratibu zake. New York inataka uwaarifu wakuu wa elimu wa wilaya, uwasilishe mpango wa masomo, kisha utoe ripoti kila robo mwaka. Texas ni rahisi zaidi. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas ilihitimisha kesi ya Leeper kwa kukubali kwamba shule ya nyumbani ihesabiwe kuwa shule ya binafsi. Huombi kibali, na hakuna atakayedai cheti chako cha ualimu. Unachotakiwa ni kufundisha kwa dhati, ukiwa na mtaala unaoonekana, wa vitabu au wa kompyuta, wenye kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Sheria ya mahudhurio inamgusa mtoto akifika miaka 6. Ikiwa wako ameshaandikishwa shule, peleka barua ya kumwondoa kabla hujaanza kumbakiza nyumbani, usije ukaitwa kuulizwa mtoto yuko wapi.

Mwenye mtoto wa miaka 4 au 5, basi, ana nafasi ya kuanza bila pupa. Masomo ya umri huo hayamalizi siku. Saa moja ya kukaa naye kwa makini, halafu kitabu cha hadithi kabla ya kulala, inatosha kuanzia. Anza na Kiswahili. Ba, be, bi, bo, bu: lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa, na mtoto aliyeshika silabi husoma neno zima mapema. Akishajua kwamba anaweza kusoma, Kiingereza na tahajia yake ngumu hakitamtisha. Hesabu mfundishe kwa maharage anayokusaidia kuchambua na kwa chapati unayoikata nusu, kisha robo.

Najua pia maisha ya huku yalivyo. Baba yuko ghalani usiku, mama anatunza wazee kwa zamu za saa 12. Shule ya nyumbani haina kengele, mnaweza kusoma saa 10 jioni mtu akishaamka. Lakini kama nyote wawili mnalala mchana na mtoto anabaki na televisheni, msijidanganye, hapo hakuna shule. Pangeni zamu zenu kwanza, ndipo mwanze.

Sasa wenzake. Mtoto wa miaka 5 hahitaji kundi la watoto 25. Anahitaji wawili watatu anaowaona mara kwa mara, hadi awajue kwa majina, wagombanie mpira, wanuniane, wapatane. Urafiki wa watoto hujengwa na kurudiarudia: mahali palepale, siku ileile, saa ileile. Wazazi wengi wenye bidii hukosea hapa. Wiki hii maktaba, wiki ijayo bustani ya upande wa pili wa mji, wiki inayofuata makumbusho. Mtoto anaona sura mia na hana hata mmoja wa kumwita rafiki. Chagua sehemu mbili tu, uzishikilie kwa miezi kadhaa.

Ya kwanza iwe maktaba ya umma. Karibu kila mji una saa ya hadithi kwa watoto wadogo, na hulipi kitu. Fika mapema, mkalishe mbele, na hadithi ikiisha usikimbilie mlangoni, maana marafiki hupatikana katika dakika zile za kuchezea vibao na midoli. Mwambie mkutubi kwamba unasomesha nyumbani, umuulize vikundi vya familia kama yako hukutana wapi. Vingi hukutana bustanini siku za kazi, asubuhi, bembea zikiwa hazina foleni. Dallas wana Klyde Warren Park, iliyofunguliwa mwaka 2012 juu ya barabara kuu katikati ya mji, na kuingia ni bure. Kiangazi cha Texas ni kikali, kwa hiyo rudini nyumbani kabla jua halijapanda.

Sehemu ya pili inaweza kuwa bustani, au ushirika wa wazazi, ambapo familia kadhaa hukusanyika na kila mzazi hufundisha anachokiweza. Uliza mapema masharti yake. Baadhi ya vikundi hivyo ni vya makanisa na hutaka utie sahihi tamko la imani, vingine ni vya Waislamu, vingine hupokea watu wote. Chama cha 4-H nacho kina kundi la watoto wa chekechea hadi darasa la 2, wanaojifunza mambo ya mimea, wanyama na mapishi. Kwa Texas kilianzia kaunti ya Jack mwaka 1908, kikiwa klabu ya wavulana ya kulima mahindi, na mtu wa kwetu hatajiona mgeni sana humo. Makumbusho ya sanaa ya Dallas hayatozi kiingilio cha kawaida tangu mwaka 2013, na mengine mengi nchini huku hupunguza bei kwa mwenye kadi ya EBT ya msaada wa chakula. Kuogelea nakusisitizia mno. Nyumba nyingi tunazopanga zina bwawa uani, na mtoto asiyejua kuogelea yuko hatarini kila siku.

Usisahau watu wako. Jumapili kuna shule ya kanisani, Jumamosi kuna madrasa, na hazipiti wiki nyingi bila arusi, arubaini au mkutano wa jumuiya. Inaniuma kuona watoto wetu wamefungiwa chumbani na simu huku wakubwa wakila pilau sebuleni. Watoeni nje! Wafundisheni rede na kombolela, wakubwa wawashike mkono wadogo. Sisi tulilelewa hivyo, na tukajua kusema na mtu wa kila rika.

Mzazi anayemtoa mtoto shuleni ili asionane na watu, mimi simuungi mkono. Mtoto hulelewa akae na wenzake, na ukichagua kumfundisha nyumbani umejitwika na kazi hiyo pia.

Nawe usione haya. Usingoje kualikwa, wala usijifiche nyuma ya lafudhi yako. Mama wa Kimarekani pale bustanini atatabasamu, kisha akae upande wake, pengine naye hamjui mtu hapo. Mwendee. Mwambie jina lako na la mwanao. Beba maandazi, ila uliza kwanza kama mtoto wake ana chakula kinachomdhuru. Kabla hamjaagana omba namba yake ya simu, na jioni ileile mwandikie: Jumanne ijayo tutakuwa hapahapa saa 4 asubuhi. Ukarimu tumefundishwa tangu utotoni, na huku ughaibuni ni mali kubwa.

Wiki hii tafuta ratiba ya maktaba iliyo karibu nawe, chagua siku moja, uiandike ukutani. Siku hiyo mvishe mtoto viatu mwende, hata kama umetoka zamu ya usiku na macho ni mazito. Wiki ijayo mpeleke tena, na ile ya baadaye pia.