Deni la Anayetazama Kutoka Juu

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walikuwa wakiwazungumzia majirani na wapita njia, watu wanaoona usichotaka wakione. Hawakujua kwamba siku moja jicho litapanda mamia ya kilomita angani, lizunguke dunia zaidi ya mara kumi kwa siku, na kupiga picha bati la nyumba yako bila hata kubisha hodi.

Swali langu ni hili: mtu akikutazama kutoka huko juu, tena kwa nia njema kabisa, wewe unamdai nini?

Tuanze na hiyo nia njema, maana ipo na si ya kubeza. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Port-au-Prince, Haiti. Kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya intaneti ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia, mji huo ulikuwa karibu mtupu. Picha za setilaiti zikatolewa, na mamia ya watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kukanyaga Haiti, wakakaa kwenye kompyuta zao wakichora barabara, majengo, na kambi za waliokuwa wakilala nje. Ndani ya wiki chache mji ukawa na ramani, na waokoaji wakaitumia. Hapo, bwana, huna la kusema ila ahsante.

Au chukua Beira, Msumbiji, Machi 2019, kimbunga Idai kilipopita. Kamera ya kawaida haioni kitu mawingu yakitanda. Rada inaona: inatuma mawimbi yake chini na kupokea yanayorudi. Maji yaliyotulia huyarusha mawimbi pembeni kama kioo, kwa hiyo kwenye picha hutokea meusi. Ndivyo watu walio mbali walivyoweza kuona kwamba mashamba na vijiji vya bara nyuma ya Beira vimegeuka kama bahari.

Sasa tuje Dar es Salaam, kwenye bonde la mto Msimbazi, ambako mafuriko si habari mpya. Ile rada iliyoona vizuri kwenye uwanda wa Msumbiji, ilete juu ya mtaa kama Hananasif. Nyumba zimebanana. Mawimbi yanagonga maji, yanagonga ukuta, yanarudi yamechanganyikana, na picha inashindwa kusema kama uchochoroni kuna maji au hakuna. Yaani chombo kinaona sawasawa shamba lisilo na mtu, halafu kinababaika pale watu walipo wengi.

Hata picha safi ya mchana ina mambo haisemi. Bati moja linaonekana, sawa. Chini yake kuna mwenye nyumba, wapangaji wa vyumba sita, mama anayekaanga vitumbua alfajiri, na mzee ambaye maji yakija hawezi kunyanyuka kitandani. Kwenye ramani wote hao ni umbo moja la pembe nne.

Waliofanya kazi ya Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, walilielewa hilo. Droni zilipiga picha kutoka juu, lakini wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia mitaani pamoja na wenyeji, wakatembea kwenye mitaro na vichochoro. Mambo mengine yalikuwa hayapatikani popote ila vichwani mwa watu: maji yalifika wapi mwaka ule, mtaro gani huziba kwanza, shina la mjumbe huyu linaishia nyumba ipi. Na ukitaka kujua yule mzee asiyeweza kunyanyuka yuko chumba gani, utaenda kwa mjumbe.

Hapo naona sehemu ya kwanza ya deni. Ukishamwona mtu kutoka juu, shuka ukamuulize. Waswahili wana methali ya hili pia: asiyekujua hakuthamini. Anayechora mapaa ya Tandale akiwa London anafanya jambo jema, ila amechora nusu ya kitu. Akidhani amemaliza, amekosea.

Lakini kuna sehemu nzito zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na serikali ikawapeleka baadhi ya waathirika Mabwepande, mbali kabisa na bonde. Wapo waliorudi mjini, kwa kuwa riziki yao ilikuwa mjini. Kisha Desemba 2015 bondeni zikaja alama za X, rangi nyekundu ukutani, na nyuma yake mashine za kubomolea. Sisemi kwamba ramani za misaada ndizo zilizoleta zile mashine. Hilo litakuwa uzushi. Ninachosema ni kwamba ukishachora mstari unaoonyesha maji yanakofika, umechora pia mstari ambao mtu mwingine anaweza kuusoma hivi: hawa waondoke. Mstari ni uleule. Mmoja anauona kama orodha ya watu wa kuokolewa kwanza, mwingine kama orodha ya nyumba za kuvunja.

Najua utaniambia: kwani uongo? Si kweli kwamba wale wanaishi mahali pa hatari? Si walishaambiwa wahame, tena na tena? Hoja hiyo ina nguvu, na asiyeijibu anawadanganya watu wa bondeni. Maji yanaua. Pengine kwa baadhi yao kuhama ndiko kuokoka. Ila ramani imejibu swali moja tu, la maji yanafika wapi. Haijasema mtu aende wapi, nauli ya kumrudisha kibaruani itatoka wapi, au mtoto aliyebakiza miezi mitatu amalize darasa la saba atasoma shule gani. Tukiiacha ramani ijibu maswali ambayo haikuulizwa, tumeificha hukumu yetu nyuma ya kipimo.

Basi tufanyeje, tuombe ruhusa kabla ya kupiga picha? Kwa saa ya maafa, hapana. Huwezi kumwomba ridhaa mtu aliyefukiwa na kifusi. Jirani akiona moshi kwako anavunja mlango, na hakuna atakayemlaumu. Lakini jirani huyo haondoki na ufunguo. Moto ukizimika anakuja kukwambia alichovunja, na alichokiona ndani hakitangazi barazani. Desturi hiyo tunaijua sote, haihitaji kuletwa na shirika.

Kwa desturi hiyohiyo, anayechora makazi ya watu ana mambo ya kutimiza baadaye. Ramani irudi mtaani, ikiwezekana imechapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, maana si kila mwenye nyumba ana simu ya kufungulia faili zito. Mwenyeji awe na njia ya kusema, hapa mmekosea, daraja hili lilishakwenda na maji. Na aambiwe mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka, nani mwingine ataisoma ramani hii na kwa kazi gani. Hili la mwisho ndilo linalorukwa zaidi, kwa sababu linaweza kumfanya mtu akatae kuonyesha maji yalipofika ukutani kwake. Ana haki ya kukataa. Na kukataa kwake nako ni taarifa: kunakwambia kwamba mahali hapa watu wanaogopa kuvunjiwa nyumba kama wanavyoogopa mafuriko.

Kuna watakaosema masharti haya yatachelewesha kazi, na wakati unachelewa watu wanakufa. Usiku wa maafa, nakubaliana nao. Ila ramani nyingi za miji yetu huchorwa siku za jua, miezi mingi kabla ya masika, kwenye warsha zenye chai na vitafunwa. Muda wa kumuuliza mjumbe upo. Swali ni kama tunamhesabu miongoni mwa wenye ramani, au yeye naye ni bati tu.