Jirani wa Nyuma ya Ukuta na Jirani wa Mlangoni

Soma Kutoka 22:2, 3. Luka 22:36–38, 49–51. Yohana 18:10, 11. Torati inatofautishaje kati ya mwizi wa usiku na mwizi wa mchana?

Nchini Marekani, baba wa familia anayenunua bastola ya kulinda nyumba yake hukuta dukani aina mbili kuu za risasi. Ya kwanza ina ncha ya mviringo iliyofunikwa kwa shaba. Mara nyingi hupenya mwili na kutokea upande wa pili. Ya pili ina tundu kwenye ncha. Ikiingia mwilini hufunguka kama uyoga, hupunguza mwendo, na kwa kawaida hubaki humo. Jeraha lake ni pana zaidi.

Hapo dhamiri hukutana na fumbo. Mwaka 1899, mkutano wa amani wa Hague ulipitisha azimio la kukataza matumizi ya risasi zinazopanuka mwilini katika vita kati ya mataifa. Hata hivyo, wakufunzi wengi wa silaha husema kwamba hiyo ndiyo inayofaa nyumbani. Sababu yao si ya kupuuzwa: risasi inayotokea upande wa pili yaweza kupita ukuta wa mbao na jasi, ikampata mtoto aliyelala chumba cha jirani. Baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo liliweka vipimo vipya: risasi ifyatuliwe kwenye jeli iliyotengenezwa kuiga nyama ya mwili, nayo ipenye kati ya inchi 12 na 18.

Katika hesabu hii mna upendo. Mwenye nyumba amemkumbuka jirani wa nyuma ya ukuta, ingawa risasi iliyokosa shabaha itapita ukuta huo hata ikiwa ya aina gani. Lakini yuko jirani mwingine ambaye hesabu haimtaji. Yule aliye mbele ya bastola amegeuka kuwa jeli, kitu cha kupimwa kwa inchi.

Torati haikumsahau. Mwizi akipigwa usiku akivunja nyumba, naye akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Gizani hawezi kujua aliyeingia amekuja kuiba au kuua. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Kumbe hata damu ya mwizi ina Mwenye kuidai. Sheria haikumnyima mwenye nyumba ulinzi. Ilimnyima ruhusa ya kumhesabu mwizi kuwa si kitu.

Gethsemane, wanafunzi walikuwa na panga mbili. Petro alitumia upanga wake, na sikio la Malko likakatwa. Bwana aliamuru upanga urudishwe alani, kisha akaligusa sikio lile na kuliponya. Muujiza wa mwisho unaosimuliwa kabla ya msalaba alitendewa mtu aliyekuja pamoja na waliomkamata.

Mwaka 1945, kwenye mwamba wa Okinawa, Mwadventista Desmond Doss, mhudumu wa majeruhi aliyekataa kubeba silaha, aliwashusha kwa kamba majeruhi wapatao 75. Si kila mwamini ameitwa mahali pale, wala si haki kumhukumu baba anayeogopa kwa ajili ya watoto wake. Lakini mfano ule unauliza swali ambalo muuza risasi haulizi.

Kwa hiyo, swali la risasi ipi halipaswi kuja kwanza. Kwanza huja mlango imara, taa ya nje, majirani wanaojuana, na simu ya kuita polisi. Kisha huja swali la moyo: mkono utakaofyatua, je, uko tayari pia kuizuia damu ya aliyepigwa na kumwitia gari la wagonjwa? Aliyeweka risasi kabatini bila kuweka bandeji kando yake amekwisha kuamua jambo, hata kama hakujua kwamba anaamua.

Maswali ya Kujadili

1. Je, mtu aweza kujilinda bila kumchukia anayemshambulia? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.
2. Kuponywa kwa Malko kunabadilishaje maana ya neno “adui” nyumbani kwako?
3. Kikundi chenu kiwasaidieje majirani wanaoishi kwa hofu, kabla hawajafika duka la silaha?