Mlio Asiousikia Jirani

Usiku wa Rau una sauti zake. Wako vyura wa mashamba ya mpunga, nyenje wa msituni, na bodaboda ya mwisho inayorudi kutoka mjini. Lakini wako miongoni mwetu ambao, sauti hizo zote zikinyamaza, hubaki na moja isiyonyamaza. Mmoja huieleza kama mluzi, mwingine kama birika linalochemka, mwingine kama nyenje aliyeingia kichwani akakosa njia ya kutokea. Anayelala naye kitanda kimoja hasikii kitu.

Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja aliyefanya kazi muda mrefu kwenye mashine ya kukoboa mpunga alituomba tumwombee masikio. Tulimwekea mikono, tukaomba. Baada ya amina tukamwuliza, "Mzee, ile kelele imekwisha?" Akatutazama, akawatazama waliosimama nyuma yetu, akasema, "Imekwisha, Mchungaji. Bwana asifiwe." Tukashangilia. Wiki chache baadaye mkewe alitwambia kwamba kelele haijaondoka hata siku moja, na kwamba mumewe anaona haya kurudi ibadani asije akaulizwa tena. Tulikuwa tumempa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: kuumwa, na tena kuficha.

Ndipo tulipojiuliza: je, anayeendelea kutafuta nafuu baada ya kuombewa amepungukiwa imani? Na anayeambiwa kwamba hakuna dawa ya kuuondoa mlio kabisa, aombe nini?

Sisi Walutheri hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 6 Julai 1527, huko Wittenberg, Martin Luther akiwa na umri wa miaka 43 alishikwa na uvumi mkali katika sikio la kushoto, akaishiwa nguvu hata akadhani anakufa. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg, alimlalamikia rafiki yake Philipp Melanchthon kwa barua kuhusu ngurumo kichwani mwake, na ziko siku alizolazimika kuacha kusoma. Hata hivyo, humo humo Coburg aliandika ufafanuzi wake wa Zaburi ya 118. Hakujidai kuwa amepona, na hakungoja kimya ndipo amtumikie Mungu. Alilalamika, alitibiwa, aliomba, akaandika. Nani kati yetu angemwambia aongeze imani?

Mtume Paulo naye alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake. Hakukemewa kwa kuomba. Mwiba ulibaki, naye akapewa neema ya kumtosha. Kwa hiyo kuomba mlio uondoke ni halali, na kuomba nguvu za kuishi nao ni halali pia. Ombi la pili si la walioshindwa.

Na kumwona daktari ni sehemu ya ombi hilo hilo. Wakati mwingine chanzo ni nta iliyoziba sikio, jambo jepesi kuondolewa. Wakati mwingine ni kelele za miaka mingi za mashine, au spika, zikiwemo zile tunazozifungulia mno makanisani. Dawa nazo zaweza kuleta mlio: wazee wetu waliomeza kwinini wanaukumbuka. Hapa hapa mkoani kwetu, hospitali ya Kibong'oto ilianza mwaka 2009 kutibu kifua kikuu sugu, na wakati ule sindano za kanamaisini zilikuwa sehemu ya tiba. Ziliokoa maisha, lakini dawa hiyo huweza kuharibu usikivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumike tena kwa ugonjwa huo. Mtu aweza kumshukuru Mungu kwa uhai wake na bado akalilia masikio yake. Shukrani haimzuii kulia.

Swali gumu zaidi, basi, halimhusu mgonjwa. Linatuhusu sisi tusioisikia kelele yake. Kila Jumapili tunakiri mambo ambayo macho yetu hayakuyaona. Lakini jirani akisema sikio lake linalia, tunataka ushahidi. Na akiombewa, tunataka ushuhuda siku hiyo hiyo. Kidonda tungekifunga. Mlio hauna damu wala uvimbe, una neno la mgonjwa tu. Kumwamini mtu kwa neno lake ni mwanzo wa kumhudumia.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mzee, tukamwomba msamaha. Baadaye alikwenda hospitali kupimwa, ikaonekana usikivu wake umepungua. Hakupewa dawa ya kuinyamazisha kelele. Alishauriwa asilale katika kimya kabisa, na sasa huacha redio ikisema kwa sauti ya chini hadi usingizi umchukue. Ibadani tumempa nafasi mbali na spika, na tunaendelea kumwombea.

Hatumwulizi tena kama kelele imekwisha. Tunamwuliza, "Mzee, leo inaliaje?" Jumapili iliyopita alijibu, "Leo ni kama mashine mbili, Mchungaji." Tukakaa naye kidogo kabla ya kengele ya ibada.