Dhamana ya Maji Yatokayo Uani

Wanazuoni wa dini na wa sheria wamejadili kwa karne nyingi mpaka wa wajibu wa mtu juu ya madhara yanayoletwa na kitu ambacho hakukiumba wala hakukituma. Mvua hulileta swali hilo katika sura yake ngumu zaidi, kwa kuwa hushuka kwa amri ya Mungu na waumini huiita rehema, lakini ikishagusa ardhi hufuata njia zilizotengenezwa na watu, na mara nyingi ni njia hizo zinazobomoa msingi wa nyumba au kuchimba korongo shambani kwa jirani.

Swali hili lina uzito wa pekee katika kata ya Bendera, wilayani Same, iliyo chini ya milima ya Upare Kusini, kwenye barabara itokayo Same na kupita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio kuelekea Mkomazi. Tambarare hiyo hunyeshewa kidogo kuliko milima iliyo juu yake, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,462, na kwa hiyo wakati wa vuli na masika hupokea maji ambayo hayakunyesha hapo. Mwenye nyumba anayemwaga zege uani ili gari lipite bila kukwama hujiondolea tope, na huo ni uamuzi halali kabisa, ila papo hapo hubadilisha tabia ya ardhi yake, kwa maana udongo uliokuwa ukinywa sehemu kubwa ya mvua haunywi tena. Mvua ya milimita 20 juu ya ua wa mita za mraba 100 ni lita 2,000, yaani mapipa 10 yale makubwa ya lita 200, na karibu yote hutoka upande ule ambao fundi aliuinamishia sakafu.

Zege lenyewe halidhuriki sana kwa kulowana. Likimwagiliwa ipasavyo kwa siku 7 au zaidi, ili saruji ikomae kabla jua halijalikausha, huwa gumu na hupitisha maji kidogo sana. Kasoro huanzia kwenye nyufa na kwenye maungio, yaani mistari inayoachwa kwa makusudi kati ya vipande ili zege lipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Maji huingia humo, hulainisha moramu iliyoshindiliwa chini, na kila gurudumu linapopita, kipande hubonyea kidogo na kuyasukuma maji yatoke pamoja na chembe laini za udongo, hata pakabaki uwazi usioonekana kwa juu. Utepe mwembamba wa tope kandokando ya ufa baada ya mvua, ambao wengi huufagia na kuusahau, ni alama kwamba udongo wa chini umekwisha kuanza kuhama. Kwenye lami, maji hupenya na kuibandua kutoka kwenye kokoto, kokoto zikang'oka moja moja mpaka shimo likazaliwa, hasa pale jua lilipokwisha kuikausha lami ikapasuka. Tiba yake inajulikana: mwinamo wa walau sentimita 2 kwa kila mita, nyufa kusafishwa na kuzibwa kiangazi zikiwa kavu, na mtaro kuzolewa mchanga kabla ya mvua za kwanza. Mafundi husema zege halilali, na kweli kazi ya kumwaga haingoji kesho, lakini kazi ya kutunza hudaiwa kila mwaka na ndiyo inayoahirishwa kwa urahisi zaidi.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj at-Talibin, kitabu mashuhuri cha fiqhi ya madhehebu ya Shafii ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, anagusa mas'ala mawili yanayofaa hapa. La kwanza ni la mizabu, yaani mfereji wa kutolea maji ya dari unaotokeza juu ya njia: kuutoa ni halali, lakini kitakachoharibika kwa sababu yake kina dhamana, yaani mwenyewe hulazimika kukifidia, kwa mujibu wa kauli ya Imam Shafii ya baada ya kuhamia Misri. La pili ni la ukuta. Aliyeujenga ukiwa umeinamia njia hubeba dhamana, ilhali uliojengwa wima kisha ukainama wenyewe haumdhaminishi, ingawa wapo waliosema humdhaminisha akiwa aliweza kuuvunja au kuutengeneza asifanye. Ua wa zege uko karibu zaidi na mizabu, kwa kuwa kutoa maji nje ni kazi yake tangu siku ya kwanza. Na hata ukilinganishwa na ukuta, rai ya waliozingatia uwezo wa kutengeneza ndiyo yenye haki zaidi katika jambo hili, kwani ufa humpa mwenyewe misimu kadhaa ya kuutazama.

Wakristo wa Upare, ambako Waadventista Wasabato walianzisha kituo chao cha kwanza nchini Tanzania huko Mamba mwaka 1903, wanayo hoja iyo hiyo katika Torati. Kitabu cha Kutoka kinamlipisha aliyechimba shimo asilifunike, mnyama wa mtu akatumbukia, na Kumbukumbu la Torati linamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Katika mifano yote miwili hakuna nia mbaya, na bado lawama ipo. Warumi nao, tangu Sheria za Meza Kumi na Mbili za karibu mwaka 450 kabla ya Kristo, walimruhusu mtu kumshtaki jirani ambaye kazi zake zimebadilisha mwendo wa maji ya mvua, ingawa shamba la chini lilipaswa kuyapokea yale yanayoshuka kwa mwendo wake wa asili.

Wapare walikuwa na mfumo wao kabla ya vitabu hivyo kuwafikia. Ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito usiku ili yamwagiliwe mchana kwa zamu, lilitunzwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba panapovuja, na haki ya kupata maji ilifungamana na wajibu wa kushika jembe. Mfumo huo ulishughulikia maji yanayotakiwa na kila mtu. Maji ya uani hayatakiwi na yeyote, na pengine ndiyo maana wajibu wake haujapata mlinzi.

Wapo watakaosema kuwa mafuriko ni mipango ya Mungu. Kauli hiyo ina heshima yake mbele ya msiba kama ule wa Novemba 2009, maporomoko ya udongo yalipoua watu zaidi ya 20 huko Goha, katika kata ya Mamba Myamba, na mwanadamu hana haki ya kuwagawia wafiwa lawama. Lakini kuitumia kauli hiyo kwa ufa uliokaa wazi misimu mitatu ni kumsingizia Mungu uzembe wa mja, na mafundisho ya kutawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya kutimiza wajibu wako, kama msafiri anayemfunga ngamia wake kwanza, hayaruhusu jambo hilo.

Linabaki suala la asiye na uwezo, kwani lami ya kuzibia na ujira wa fundi si vitu vya kila kaya. Hapo dhamana haifutiki, ila namna ya kuilipa hubadilika: asiye na fedha anaweza kuzoa mtaro kwa mikono yake mwezi wa Septemba, naye jirani wa chini, anayefaidika na kazi hiyo, ana wajibu wa kutouziba mtaro huo kwa kifusi anapopanua uzio wake.