Nani alibeba mizigo?

Ukiuliza hapa kwetu Goma babu alikuwa nani wakati wa Wabeleji, karibu kila nyumba itakujibu: alikuwa chifu, karani ao kapita. Basi mizigo ilibebwa na nani?

Kwa maana mizigo ilibebwa. Vita ya 1914 ilikuta Wajerumani wakiwa Gisenyi na Wabeleji upande huu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabeleji yalitoka Kivu hadi Tabora, na pamoja nayo maelfu ya wapagazi. Wengi walikamatwa kwa nguvu, na wengi hawakurudi.

Kuwatafuta leo ni kazi ngumu. Maandishi ya wakubwa yanataja maofisa kwa majina. Wapagazi, mara nyingi, wanahesabiwa tu. Na karatasi nyingi za nyumbani ziliungua katika lava ya 2002. Kunabaki vinywa vya wazee, navyo vimezoea kuficha haya.

Ndipo swali linakuja: kumusitiri babu ni kumuheshimu, ao ni kumukana? Mimi naona hivi. Siri zake mwenyewe, kama ugomvi na bibi, tumuachie. Lakini kubebeshwa mizigo haikuwa haya yake. Haya ni ya yule aliyemukamata. Tukimuvalisha babu kofia ya uchifu, tunamusaidia yule mukamataji kujificha, na mupagazi anabaki bila mujukuu.

Ndugu musomaji, muzee wako angali hai? Umuulize leo, tena uandike jina.